Mlango wa Haji Waukataa Ukuta wa Mlandege

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umeikalia Mlandege, mjini Iringa. Evarista Mgaya amepiga magoti juu ya gunia, patasi mkononi. Anachonga mfaa, ule ubao mwembamba unaosimama katikati ya mbao mbili za mlango.

Anachonga samaki. Wale wa juu walichongwa na mumewe, Haji Vuai, fundi kutoka Unguja aliyefariki mwaka jana kabla hajaumaliza.

"Samaki wake wanaogelea. Wa kwangu wamekauka kama dagaa wa sokoni," anasema. Anacheka kidogo, kisha machozi yanamtoka, wala hajifichi.

Haji alikuja Iringa kuichongea milango nyumba moja ya wageni. Baridi ilimtesa, akaapa kuondoka kazi ikiisha. Akamwona Evarista, akanunua sweta.

Mbele ya nyumba waliyopanga alijenga baraza la saruji, kama la kwao. Mwezi wa saba alikaa pale peke yake na kahawa yake huku anatetemeka, majirani wakimcheka. Baadaye walizoea, wakawa wanakuja na mablanketi.

"Alinifundisha kuchonga pale pale," anasema Evarista. "Watu wakasema mwanamke gani huyu anashika patasi. Yeye akasema waacheni waseme."

Siku hizi wateja wanataka milango ya chuma. Evarista anaishi kwa kuuza vigoda na miiko, mwiko mmoja shilingi elfu mbili. Tangu msiba hajauza mlango hata mmoja.

Huu anaouchonga hauuzwi. Kwao Haji, zamani, mlango ndio ulitangulia. Miimo yake, zile nguzo mbili za pembeni, ilisimamishwa kiwanjani kwanza, kuta zikafuata. Haji alitaka nyumba yao ianze hivyo.

Baada ya mazishi Evarista alikwenda Idodi kukaa na mama yake. Wahenga walisema udugu ni kufaana, na kaka yake Sedekia, fundi mwashi, alitaka kufaa. Huku nyuma alimjengea dada yake nyumba kwenye kiwanja chao Mlandege, kwa matofali yake mwenyewe, bure. Akaacha nafasi ya mlango kama anavyoacha kila nyumba. Mlango wa Haji haukuingia.

"Sisi huku ukuta ndo unaanza, mlango unakuja mwisho," anasema Sedekia. "Nikamwambia, dada, tupunguze miimo na msumeno, kidogo tu. Akakataa kabisa."

Evarista anakumbuka. "Haji amezikwa huku, mbali na kwao. Cha kwao kilichobaki ni huu mlango. Nikiukata, nimemzika mara ya pili."

Lakini ukuta nao ni jasho la kaka yake, na kumwambia aubomoe hakuweza. Masika yote nyumba ilikaa wazi, mvua ikiingia, Evarista mwenyewe bado anapanga chumba.

Jumapili iliyopita, walipotoka misani, Evarista alimwambia kaka yake. Sedekia aliondoka. Alirudi na nyundo na tindo.

"Nimejenga mimi, nabomoa mimi," anasema, vumbi la matofali limejaa kwenye nyusi. "Akibomoa mtu mwingine ndo nitaumia."

Wanataka mlango usimame kabla ya mvua za Novemba. Evarista ana jambo moja analoliomba baada ya hapo.

"Wifi yangu wa Unguja hajawahi kufika huku. Nataka aje alione kaburi la kaka yake," anasema, akipuliza unga wa mbao kwenye jicho la samaki. "Akifika Mlandege, hatahitaji kuelekezwa nyumba."