Nilivyoiandikia Kifo Amplifaya ya Mwika

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa na umeme kabla sijaonyeshwa kiti changu. Karakana ilikuwa nyuma ya ofisi kuu ya shirika la wakulima, hapa Moshi mjini, chumba kirefu kinachonuka risasi ya kulehemea iliyoyeyuka. Fundi Mkuu, Mzee Sefu wa Pasua, mtu mfupi ambaye kofia yake ya kiua haikumtoka kichwani, alinipa amplifaya iliyofunguliwa akaniambia niifute vumbi. Nikachomoa waya ukutani, nikaingiza kitambaa. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kwamba nimekaa chini sakafuni, mkono umekufa ganzi mpaka begani, na mafundi wawili wanacheka huku wameshika mbavu.

"Ulizima?" Fundi Mkuu akaniuliza.

"Nilizima, mzee. Nilichomoa kabisa."

"Ulizima ukutani, Aminieli. Humo ndani nani alizima?"

Ndivyo nilivyofundishwa habari za kondensa, vile vikopo vinavyoweka umeme akiba hata mashine ikiwa imezimwa. Kwanza unavigusisha kwa bisibisi yenye mpini wa mbao, cheche inaruka paa, ndipo unaingiza mkono. Nyinyi mnaotengeneza simu mkiwa mmevaa visikilizio masikioni mtacheka. Chekeni tu. Sisi tulikuwa tunafanya kazi mkono mmoja mezani na mwingine mfukoni, ili umeme ukikupata usipite moyoni.

Kwa asiyejua, amplifaya ni mashine ya kukuza sauti. Za zamani ziliendeshwa na valvu, vichupa vya kioo mfano wa taa, ndani yake kuna uzi unaowaka mwekundu. Ukiwasha unasubiri zipate moto ndipo useme. Kati ya valvu na spika kuna transfoma, bonge la chuma lililozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, na hiyo ndiyo roho ya mashine. Valvu ikifa unachomeka nyingine. Kondensa unabadilisha. Transfoma ikiungua, mafundi wengi huondoka wakaenda kutafuta chai.

Shirika letu lilikuwa na ukumbi katika kila tawi, na kila ukumbi ulikuwa na amplifaya yake na spika za tarumbeta juu ya paa. Bei ya kahawa ilitangazwa humo, na mikutano, na misiba. Leo shirika lenyewe limekufa, kumbi zimekuwa maghala ya saruji na makanisa ya watu binafsi. Sina raha kupita karibu nazo.

Kituo changu cha kwanza nje ya karakana kilikuwa Chekereni, kwenye mpunga. Kule amplifaya ilitangaza zamu za maji ya mfereji. Joto, mbu, na panya waliokuwa wanazaa ndani ya mashine kwa sababu ya uvuguvugu wa valvu. Ikinyamaza tu, Meneja wa Mradi anakuja mbio, suruali imekunjwa magotini.

"Fundi, maji yamefika shamba la saba na mwenye shamba hajasikia! Unataka watu washikane mapanga?"

"Naitengeneza, bwana meneja."

"Unaitengeneza tangu jana!"

Sikuwahi kusikia asante kwa Meneja yule. Mashine ikisema, ni yake. Ikinyamaza, ni yangu.

Nikarudishwa Moshi, na hapo ndipo ilipoletwa ile ya Mwika. Kule juu adui ni unyevu. Ukungu unaingia ukumbini asubuhi kama mwenye nyumba, na transfoma ilikuwa imenyonya maji mpaka ikaungua. Meneja wa Karakana akasema itupwe. Mzee Sefu alichukua mkono wa kuzungushia wa cherehani kibovu, akaufunga mezani, akaanza kuwaindi, yaani kuzungusha waya upya, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka akalitenga na lenzake kwa karatasi aliyoichovya kwenye nta. Mizunguko ilihesabiwa kwa mdomo, maana ukikosea hesabu sauti inakuja imekabwa. Alipokuwa anahesabu ulikuwa humsalimii. Shikamoo yako ingesubiri mchana.

Siku ya tatu Meneja wa Karakana akaingia, amechana nywele vizuri.

"Mzee Sefu, habari za asubuhi?"

Kimya. Mkono unazunguka, midomo inacheza.

"Mzee Sefu! Si nakusalimia?"

Mkono ukasimama. Mzee akaweka waya chini polepole. "Nzuri, bwana meneja. Umenirudisha nyumbani."

"Kwa salamu tu?"

"Kwa salamu tu."

Akakunjua waya wote akaanza moja. Kesho yake mlangoni pamebandikwa karatasi, kwa mwandiko wa Meneja mwenyewe: USISALIMIE.

Tulipoipandisha Mwika na Land Rover na kuifunga, Katibu wa Tawi alisema maneno mawili tu, "Jaribu, jaribu." Tukatulia kusikiliza. Baada ya muda mama mmoja akapanda kutoka kihambani kwake, shamba la nyumbani, debe la kahawa kichwani, akauliza Katibu yuko wapi, maana alimsikia amesimama nyuma ya migomba yake na hakumwona. Weee! Tulicheka. Mzee Sefu aligeuka akajifanya anakaza skrubu, lakini mimi nilimwona uso. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijasikia tena sauti ya mashine iliyofanana vile na mtu.

Mzee alipostaafu nilishika nafasi yake. Siku anafungasha bisibisi zake aliniambia jambo moja tu. "Zinakuja mashine mpya za transista. Hizi zetu watazitupa. Zitupwe. Ile ya Mwika usiwaachie."

"Sitawaachia, mzee."

Nilisema hivyo nikimtazama machoni.

Siku zikapita, akaletwa Mkuu wa Utawala mpya, kijana wa tai na mikoba, asiyejua amplifaya inaliwa au inavaliwa. Akaniita ofisini, hakuniambia nikae.

"Fundi Mkuu, nataka mashine zote kuukuu zikaguliwe. Jaza fomu ya mali chakavu. Saini yako ndiyo itakayoamua."

Fomu ilikuwa na safu tatu: nzima, inatengenezeka, imekufa. Nilikagua saba. Sita zilikuwa zimekufa kweli, na niliandika ukweli. Ya Mwika ilikuwa nzima kabisa. Lakini nzima maana yake ingepelekwa ghala kuu, na ghala kuu nalijua, paa linavuja na kitu kikiingia hakitoki. Iliyokufa ilikuwa inauzwa kwa wafanyakazi kwa bei ya chuma. Basi nikaona nimepata njia. Nikaandika imekufa, nikatia saini, na tayari nilishamwambia mke wangu aondoe masufuria kwenye kabati la sebuleni.

Nilijiona mjanja, mimi. Siku ya kuuza ilipofika, uani hapakuwa na meza ya kuuzia. Palikuwa na watu watano wa Kamati ya Mali Chakavu, viti vyao, soda zao, na nyundo kubwa imeegemezwa ukutani. Mkuu wa Utawala akasimama.

"Tumepata habari kwamba mafundi wanaua mali ya shirika kwenye karatasi ili wakaifufue majumbani kwao. Kuanzia leo kilichokufa kitavunjwa mbele ya Kamati. Fundi Mkuu, shika nyundo."

Nilizivunja zile sita. Hazikuniuma, zilikuwa mabati na kutu. Ikaletwa ya Mwika. Nikaiweka chini, na kumbe niliiweka taratibu mno, maana mjumbe mmoja akawagusa wenzake.

"Mwangalieni anavyoibembeleza! Hiyo alishaitandikia kitanda kwake."

Wakacheka wote. Karani aliyekuwa anaandika naye akacheka.

Nikasema, "Mkuu, labda hii niikague tena."

"Umeandika mwenyewe imekufa. Au uliidanganya Kamati?"

Hapo ndipo pa kusema. Ningesema ndiyo, nimedanganya, iwasheni muisikie, ningefukuzwa kazi siku ile ile, na nilikuwa na watoto wanne shuleni. Hilo nimejitetea nalo miaka mingi. Lakini niseme kweli leo, kilichoninyanyua mkono siyo watoto. Ni kile kicheko. Nilichukia kuitwa mwizi, na nilichukia zaidi kwa sababu walikuwa wameniotea. Nilitaka waone kwamba Aminieli haibembelezi chuma cha mtu. Nikafungua kifuniko, nikazipita valvu, nikaenda moja kwa moja kwenye transfoma. Nyundo tatu. Kisha nikachukua tindo, nikaikata shaba tabaka kwa tabaka, na ile karatasi ya nta ikawa inatoka vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Nilivunja kama fundi anavyojua kuvunja, pasiwe na fundi mwingine duniani wa kuifufua.

"Vizuri sana," Mkuu wa Utawala akasema, akatazama saa yake.

Kwa Mzee Sefu sikwenda. Sikwenda mwaka ule wala uliofuata. Nikimwona sokoni Kiboriloni napitia kwenye mitumba. Mwanamume mzima, Fundi Mkuu, najificha nyuma ya makoti!

Nilistaafu kwa barua ya aya mbili na sherehe ambamo Mkuu wa Utawala, mwingine tena, alilikosea jina langu. Nikajenga kibanda cha ufundi hapa Kiboriloni, nikaanza kuzunguka kwa wanunua vyuma chakavu na majikoni kwa wajane, mlimani kote. Siri moja nawapa bure: mashine iliyosahaulika darini juu ya moto wa jikoni ni nyeusi kwa masizi, lakini transfoma yake ni kavu. Iliyotunzwa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma imeoza. Nimezifufua kadhaa. Sasa vijana wa Dar wanapanda hapa na magari yao, "Shikamoo mzee, sauti ya valvu ni noma," wananipiga picha, wananiita mwokozi wa vitu vya kale. Mwokozi! Nawaitikia marahaba, nachukua hela yao, na moyoni nawatukana.

Amplifaya ya kwanza niliyoifufua, kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, niliibeba mpaka Pasua. Mzee Sefu alikuwa amelala kitandani, miguu imeshakataa. Binti yake akatupa nafasi. Nikaiwasha, tukasubiri ipate moto, nikaweka redio. Alisikiliza, akapitisha vidole juu ya bati.

"Nzuri," akasema. "Umekuwa fundi."

Sikuweza kuvumilia. "Mzee, ile ya Mwika niliivunja."

"Niliambiwa. Walikusimamia."

"Walinisimamia, mzee. Kamati nzima."

"Na transfoma?"

"Na transfoma."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya siku yangu ya kwanza, "Kwenye Kamati hiyo mlikuwa na fundi mwingine?"

"Hapana. Nilikuwa mimi peke yangu."

"Walijua unapiga nini?"

Nikakumbuka yule mjumbe aliyekuwa ananicheka, jinsi alivyoinama baadaye na chupa ya soda mkononi kutazama shaba iliyomwagika. Sikutaka kusema. Nikasema.

"Mmoja aliniuliza kama ile ni betri."

Mzee Sefu akaivua kofia yake, mara ya kwanza namwona hana, akaiweka kifuani. "Betri," akasema. "Ungewavunjia vioo vya valvu, Aminieli. Vioo vina kelele. Wangeridhika."

Binti akaleta chai. Tuliinywa. Nilikwenda kumwona tena mara nyingi mpaka tulipomzika, na aliniuliza habari za watoto, za mvua na za bei ya mchele. Habari za mashine hakuniuliza tena.