Ramli ya Simu

Bi Mvuke alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufua nguo. Jina hilo walimpa wenzake, maana ukimtafuta asubuhi unaona kwanza wingu, kisha mkono, kisha yeye mwenyewe akicheka. Lakini siku zile mvuke ulikuwa haba. Hoteli iliyokuwa ikiwaletea mashuka mengi kuliko mteja mwingine yeyote ilikuwa imefungwa, mashine nyingine zimefunikwa maturubai, na meneja akiulizwa kulikoni, jibu lake ni moja tu: "Tusubiri tuone." Tuone nini, njaa?

Basi mikono ikikosa kazi, mdomo huipata. Bi Mvuke aligundua kwenye simu yake mahali pa kupiga ramli kwa karata, zile zinazoitwa taroti. Unagusa, karata inageuka, inatokea picha. Maelezo yalikuwa kwa lugha ambayo hakuijua hata salamu, lakini hilo halikumkosesha usingizi. Aliitazama picha, akafumba jicho moja, akatunga. Dereva wa gari la nguo alitokewa na mnara unaopigwa radi. Akaambiwa abadilishe balbu ya chumbani. Mlinzi alipata mfalme aliyeketi na upanga. Akaambiwa mkewe amechoka kuamrishwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ilikuwa raha ya bure, na kabla boila ya kuchemshia maji haijapata moto, kila mtu alikuwa na kesho ya kuitazama.

Mkunjaji wa mashuka alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Watu husema mawifi ni paka na panya. Hawa walikuwa chanda na pete. Waliishi nyumba moja tangu Bi Mvuke alipoolewa. Mashuka makubwa waliyakunja pamoja bila kuelekezana: huyu pembe mbili, yule pembe mbili, wanakutana, wanaachana, wanakutana tena. Jua la dirishani lilipenya kitambaa, chumba kizima kikawa cheupe kama maziwa. Ukikaa humo unasahau saa, na hofu nayo inakusahau kidogo.

Asubuhi moja wifi alimfuata kwenye meza ya pasi. Alikuwa amepigiwa simu kutoka hospitali ya mji wa mbali: kazi ya kufua ipo, ya kudumu, ila ajibu siku hiyo hiyo.

"Nivutie na mimi karata," alisema. "Niende, nisiende?"

Bi Mvuke akagusa simu. Karata ikageuka: mtu mwenye fimbo, amegeuza mgongo, anapanda mlima chini ya mwezi. Nyuma yake vikombe vimepangwa, vimeachwa. Hata mtoto mdogo angeisoma picha ile.

"Huyu anarudi nyumbani," Bi Mvuke akasema upesi.

"Mbona ametupa kisogo?"

"Kwani kwao siyo huko mlimani?"

"Na vikombe?"

"Ameviosha, vinakauka! Wifi, nawe! Karata imesema ubaki."

Wifi hakucheka. Alishika pembe zake za shuka, Bi Mvuke akashika zake. Wakakutana, wakaachana. Weupe ule ukapanda na kushuka katikati yao kama pumzi ya mtu aliyelala. Walipokutana tena, Bi Mvuke hakuachia. Aliona aibu, tena aibu hasa. Mzaha wa kila siku leo alikuwa ameugeuza kamba ya kumfungia mtu miguu.

"Nimekudanganya," akasema. "Pale sisomi hata neno moja. Nimesema ubaki kwa sababu mimi sitaki uende. Nyumba ile bila wewe nitaongea na nani, kuta?"

"Simu ninayo hata mimi, wifi yangu," alijibu mwenzake taratibu. "Ningetaka karata ningejivutia. Nilitaka kusikia wewe utasemaje."

"Basi umesikia."

"Nimesikia hofu yako. Sasa jibu swali langu."

Bi Mvuke alitafuta mzaha, hata mmoja tu wa kujifichia, akaukosa. Alimtazama wifi yake usoni, na kwa mara ya kwanza tangu hoteli ifungwe aliona uso uliokuwa ukisubiri kufurahi, unaomba ruhusa tu.

"Nenda," akasema. "Wapigie sasa hivi, kabla sijageuka."