Bi Wungu na Uzi wa Zambarau

Mama yake alipomzaa alizimia tangu alfajiri hadi adhuhuri, na wanawake wa Pedan, mji wa wafumaji kisiwani Java, walikwisha kuanza kumlilia. Alipofumbua macho, baba akasema mtoto ataitwa Wungu, maana kwa Kijava cha adabu neno hilo ni kuamka. Bahati mbaya neno hilohilo ni zambarau pia, na kwa watu wa huko zambarau ni rangi ya wajane na walioachwa.

Wungu alikua, akaolewa, akawa mfumaji wa vitambaa vya milia. Mumewe alivuka bahari kwenda Kalimantan kutafuta kazi. Kilichorudi ni karatasi ya talaka. Marsini, jirani aliyefuma naye banda moja, alimwambia huku akitafuna karanga, "Shoga, jina lako lilikupa talaka kabla ya mwanamume." Wungu alicheka na wenzake. Lakini tangu siku hiyo uzi wa zambarau haukugusa mtambo wake tena, miaka kumi na mmoja.

Ndipo binti yake wa pekee, Niken, akachumbiwa na kijana wa mji wa Semarang. Akamwomba mama amfumie nguo za harusi, na ziwe za zambarau. Wungu akamtajia kijani, akamtajia rangi ya samli, akamtajia kila rangi iliyokuwepo bandani.

"Mama, mimi sitafuti rangi," Niken akasema. "Nataka kuvaa jina lako."

"Na wakweo watasema nini?"

"Wanakuja Jumapili. Tutawasikia."

Wungu akafuma mita tatu za majaribio. Siku ya kwanza nyuzi zilimkatikia ovyo; kufikia ya nne mikono ilikuwa inakwenda yenyewe, naye akajikuta anaimba.

Jumapili akaja mama wa bwana harusi, Bi Kadarwati, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi. Wungu alikuwa ameificha nguo ile ya majaribio chini ya mto wa kiti. Niken akaichomoa, akaitandaza palepale kati ya vikombe vya chai. Marsini, aliyekuja kusaidia jikoni, akakohoa, akasema rangi hiyo ina mambo yake, hasa kwa mwenye mume.

Bi Kadarwati akaigeuza nguo, akaukagua upindo polepole.

"Mume wangu ninaye mwaka wa thelathini na mbili," akasema. "Kama kitambaa kingeweza kumwondoa, ningekivaa zamani. Nifumie na mimi, Bi Wungu. Milia iwe myembamba, nisije nikaonekana pipa."

Marsini ndiye aliyeanza kucheka. Wungu alicheka hadi akashika ukingo wa meza, na alipofuta macho hakujua sawasawa anafuta machozi gani.

Harusi ikafanyika baada ya mavuno, familia zote mbili zimevaa zambarau. Mume wa Bi Kadarwati, naye ndani ya shati la milia hiyohiyo, alikula sahani tatu za wali kwa mchuzi wa fenesi, kisha akaomba ya nne.