Bakuli la Mashanza la Papa Bahati

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani, na kila ninapowaona ninyi vijana mkipiga picha chakula kabla ya kukila, inanirudia upya. Ni siku niliyomwona mama mkwe wangu akitengeneza bakuli la maziwa ya mgando na matunda ya moto kwa ajili ya mtu aliyekuwa amekataa kula. Keti hapa karibu nami. Mimi sina haraka, na kama wewe unayo, iweke chini kidogo.

Nilikuwa bibi harusi mgeni huko Kingi, karibu na Masisi. Nilitoka Walikale, msituni, kwa watu wa mihogo na ndizi na nyama ya porini. Kwetu maziwa yalikuwa ya kopo, tena ya wagonjwa. Nikaolewa kwenye vilima vya ng'ombe, ambako mtoto mdogo anajua kukamua kabla hajajua kufunga viatu. Mume wangu aliitwa Bahati, naye alikuwa mtoto wa kwanza, kwa hiyo watu wote waliwaita wazazi wake Papa Bahati na Mama Bahati. Huyo Mama Bahati ndiye ninayetaka umjue. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini, na katika maisha yangu yote sijaona tena mtu aliyejua kuwaangalia watu kama yeye.

Maziwa ya mgando pale tunayaita mashanza, na mashanza yake yalisifiwa mpaka ng'ambo ya mto. Siri hakuwa nayo, alifanya mbele ya kila mtu. Alichemsha maziwa, akayaacha yapoe mpaka yabaki na uvuguvugu, akakoroga humo kijiko kimoja cha mashanza ya jana, akafunika chungu, akakizungushia kitenge cha zamani na kukiweka karibu na jiko. Baada ya hapo ole wako ukikigusa. Mimi nilikuwa na tabia ya kufunua kuchungulia kama yameshaganda, naye aliniambia huku akicheka, "Riziki, acha maziwa ilale. We ukilala, nani anakujaka kukufunua?"

Sasa, mwaka ule Papa Bahati aliugua kifua. Alilazwa hospitali ya Mweso, akakaa huko muda mrefu, na siku aliporuhusiwa alirudi kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na mume wangu kusudi asianguke. Nilipomwona akishushwa nilishtuka. Alikuwa mtu wa kushika fahali kwa pembe na kumtuliza, na sasa koti lilikuwa likining'inia mabegani mwake. Daktari alikuwa amempa dawa za kuendelea nazo nyumbani, akasisitiza jambo moja: zinywewe baada ya kula. Akizinywa na tumbo tupu atazitapika, na asipozinywa ugonjwa utarudi. Basi nyumba nzima ilijua wazi kwamba chakula cha mzee yule ndicho uhai wake.

Kesho yake watu wa shirika letu la kanisa walikuja kumwombea. Unajua tulivyo, mgonjwa mmoja anajaza nyumba. Walikaa kwenye mabenchi, kwenye vitanda, wengine wakasimama mlangoni, wote wakimtazama. Mimi nikaona ndiyo nafasi yangu ya kuonyesha kwamba binti wa Walikale naye ana adabu. Nikachukua kikombe kikubwa, nikakijaza mashanza mpaka ukingoni. Kwetu, kumpa mkubwa kikombe kisichojaa ni kumwambia hana thamani, kwa hiyo nilikijaza vizuri sana, nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili.

Alikipokea. Mkono ukaanza kutetemeka. Akajaribu kuukaza, ndiyo kwanza ukazidi, na mashanza yakamwagika kwenye shati, kwenye koti, mpaka kwenye ndevu. Mama mmoja akaguna kwa huruma, "Pole, Papa, pole sana," na mwingine akakimbilia kitambaa akaanza kumpangusa kidevu kama anavyopanguswa mtoto mchanga. Mikono ile ilikamua ng'ombe tangu utotoni, mwanangu. Papa Bahati akaweka kikombe chini, akasema, "Mi nimeshiba."

Jioni tukampelekea bugali laini na mchuzi, akasema ameshiba. Asubuhi uji, ameshiba. Mume wangu akabembeleza, "Papa, kula kidogo tu, ata kwa ajili ya dawa." Shemeji zangu wakaja wakasimama kando ya kitanda, kila mmoja na sahani yake na maneno yake, huyu anasihi, yule anakaripia. Mzee akageukia ukutani. Walimlazimisha dawa, naye akaitapika kama daktari alivyosema. Niliogopa sana. Nilijiona nimemuua baba wa watu kwa kikombe kimoja.

Mama Bahati hakumbembeleza hata mara moja. Alizunguka tu na kazi zake, akitazama. Kisha akaniita nyuma ya jiko. Nilijua sasa ninafokewa, nikatayarisha machozi kabisa.

"Riziki," akasema, "siku ile ulijaza kikombe muzuri sana. Ulikiangalia muzuri. Na mukono yake, uliiangalia?"

Nikasema hapana.

"Njo vile. Ye anatamani kula, mama. Njaa iko naye. Haya, ile aibu ya mbele ya batu, njo inamukatalisha."

Hakuongeza neno la lawama. Akaniambia nimsaidie, kwa sababu kesho tutapika chakula cha mkono unaotetemeka.

Alianza siku hiyo hiyo. Alichukua kitambaa safi cheupe, akamimina humo mashanza, akakifunga fundo na kukitundika kwenye boriti juu ya beseni. Maji yakadondoka taratibu. Asubuhi alipofungua, mashanza yalikuwa mazito, meupe, yanasimama yenyewe. Akachota kwa kijiko, akakigeuza juu chini mbele ya macho yangu, na hayakudondoka hata kidogo. Akanitazama akiwa na furaha ya msichana. Nikaelewa: kijiko kile kingeweza kutetemeka njia nzima na kufika mdomoni na mzigo wake.

Kisha matunda. Akawasha mbabula, lile jiko letu la mkaa, akaacha makaa yatulie mpaka moto uwe mpole. Akamenya ndizi ndogo zilizoiva mpaka ganda limeanza madoa, akazikata vipande. Akapasua marakuja, yale matunda ya pasheni, akakamua maji yake na kuzichuja mbegu zote, kwa sababu mzee alikuwa na meno machache na mbegu moja chini ya ufizi ingetosha kuharibu kazi yote. Akaweka vyote kwenye sufuria na maji kidogo mno. Halafu akaniuliza kama ile asali baba yangu aliyonipa nilipoolewa bado ipo. Ilikuwepo. Ilikuwa asali nyeusi ya msitu wa Walikale, nami nilikuwa nimeificha chini ya nguo zangu kwa uchoyo wa mtu anayekumbuka kwao. Nikaileta. Akaonja kwa ncha ya kidole, akafumba macho, akasema, "Kumbe kwenu ni kutamu namna hii, na haukutuambiaka!" Tangu harusi yangu sikuwa nimejisikia mtu wa nyumba ile kama dakika ile.

Ndizi zikalainika, maji ya marakuja yakawa rojo ya dhahabu, na harufu ikajaa jikoni. Mimi, mtu wa haraka, nikashika sufuria nimimine. Akanizuia mkono. Matunda yanayochemka yakimwagwa juu ya mashanza, maziwa yanakatika, unabaki na mabonge na maji. Yakipoa kabisa nayo, harufu inakufa, na mtu aliyetoka kwenye homa ulimi wake umelala, anahitaji pua imwamshe kwanza. Kwa hiyo tukangoja, yeye akigusa rojo kwa mgongo wa kidole mara kwa mara, mpaka kidole kikakaa bila kulalamika. Hapo akamimina.

Na bakuli lenyewe, usidhani alichukua lolote. Alichagua bakuli zito la udongo, pana chini, ambalo mkono ukiligonga halipinduki. Mashanza yakakaa katikati, ndizi na rojo yake juu, nyeupe na dhahabu. Lilikuwa zuri, mwanangu. Yeye hakulitazama mara mbili.

Tulipoingia chumbani, jamaa walikuwa wamejaa tena, na watu wa shirika wameshaanza wimbo. Mama Bahati akasubiri ubeti uishe, kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Batu bote batoke inje. Mungu anasikia ata kule inje."

Walishangaa, lakini walitoka. Mume wangu akataka kubaki, naye akatumwa kuangalia uzio. Mama Bahati akasogeza kibao karibu kabisa na kifua cha mumewe, ili safari ya kijiko iwe fupi, akaweka bakuli juu yake. Hakumwambia kula. Alitandika mkeka sakafuni, akachukua ungo wa maharage, akakaa kumpa mzee mgongo, na kuniashiria nikae vilevile.

"Riziki, kuja tuchagule maharagi."

Basi tukakaa tukitoa mawe kwenye maharage, na nyuma yetu kimya. Shingo yangu ilikuwa inauma kwa hamu ya kugeuka. Mama Bahati akaanza kunisimulia habari za kuku wa jirani, jinsi zamani alivyozoea kutaga ndani ya kofia ya mzee mmoja wa kanisa, mpaka Jumapili moja mzee akaivaa bila kuangalia. Alisimulia polepole, kama mtu asiye na jambo lolote moyoni. Lakini niliiona mikono yake. Mawe aliyoyatoa alikuwa akiyarudisha mlemle kwenye maharage. Alikuwa anaogopa kama mimi, labda kunishinda, maana mtu yule alikuwa wake tangu ujana.

Nikasikia kijiko kikigusa bakuli. Kikagusa tena. Mama Bahati hakugeuka, akaendelea na kuku wake, "... na mayai ikapasuka ku kofia, ikashuka ku masikio..."

"Haikukuwa kofia," sauti ikasema nyuma yetu, nayo ilikuwa sauti ya mtu mwenye chakula mdomoni. "Ilikuwa kikapo. Na we haukukuwa kule."

"Nilikuwa," akajibu Mama Bahati bila kugeuka.

"Haukukuwa."

Wakabishana hivyo, mwanangu, kofia au kikapo, mpaka kijiko kikaanza kukwaruza chini ya bakuli. Machozi yalinidondoka kwenye maharage, nami nikayaacha. Kisha kijiko kikawekwa chini, na Papa Bahati akasema kwa ukali wake wa zamani, "Mama Bahati, ile dawa yangu mulificha wapi?"

Ndipo tulipogeuka. Kwenye shati lake palikuwa na matone, si machache, na hakuna aliyeyataja. Akameza dawa, na safari hii ilikaa tumboni. Tuliendelea hivyo kila siku, mara kwa ndizi, mara kwa prune, yale matunda mekundu ya bustanini, na maharage ya nyumba ile yalichaguliwa mpaka yakaisha. Alipona taratibu. Watoto wangu wote aliwabeba kwa mikono ileile.

Sasa sikiliza, maana hayo ndiyo niliyokuitia. Wewe unajua kuchuja mashanza na kulainisha matunda kuliko nilivyojua mimi kwa umri wako, nami ninakusifu. Lakini kabla ya kumpikia mtu, mwangalie mkono, mwangalie meno, angalia anayemwonea aibu. Usimpe mtu heshima ya kwenu bila kuuliza kama mikono yake inaweza kuibeba. Ukishampa, ondoa macho yako. Wako wengi wanaojua kulisha, ila wachache mno wanajua kumwacha mtu ale. Na ukiogopa, ogopa huku unafanya kazi, kama mama yule, ili woga wako usimwangukie mgonjwa na kumzidishia mzigo.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe maziwa mazuri na moto mpole, akupe watu unaowapenda wa kuwapikia. Na siku mkono wako utakapoanza kutetemeka, kwa maana utatetemeka, akupe mtu mwenye akili ya kukugeuzia mgongo.