Baba wa Kuazima kwenye Kadi ya Kura

Kaka yangu alitaka msalaba wa kaburi la mama uandikwe kama kadi yake ya kura ilivyosema: jina lake, kisha "binti wa" na jina la mzee mmoja Mshi, Mkongo wa Walungu. Nilikataa. Babu yetu, baba yake mama, alitoka Mibirizi, Rwanda. Hilo tu ndilo mama alilotuambia. Sisi Wanyarwanda kila mtu ana jina lake, la baba halimfuati. Lisipotajwa limepotea.

"Iko kwa kadi ya serikali," kaka alisema. "Unajua kupita serikali?"

Serikali yenyewe ni ya Kongo, ambako mama alitulea kabla hatujarudi huku Rwanda, Kamembe. Nikavuka mpaka hadi Bukavu kutafuta uandikishaji wake wa zamani zaidi, nikiamini hapo alisema kweli. Karani wa uchaguzi aliniweka kwenye benchi asubuhi nzima, kisha akanisomea bila kuniangalia. Baba: mzee yuleyule. Asili: Walungu. Shahidi: jirani yetu wa zamani.

"Ni uongo," nilisema.

"Maman, ni yeye mwenyewe alisema vile. Ulitaka tuandike nini?"

Nilitoka kwa hasira, nikaenda moja kwa moja kwa yule jirani, mama mzee anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, hadi leo, nikamuuliza juu ya mzee wa kwenye kadi.

"Ule ni papa yangu," alisema bila kuficha. "Tulimuazima mama yako jina lake. Bila papa wa huku, bangesema ni mugeni, kadi hangepata." Akacheka. "Papa alikuwa na batoto mingi, hakuona hata kama mumoja ameongezeka."

Sikucheka. "Na baba yake mwenyewe aliitwa nani?"

"Hatukumuuliza. Siku zile, kuuliza muntu vile ni kumuuzisha kwa batu ba serikali."

Yeye sikuweza kumkasirikia. Niliwakasirikia waliomlazimisha mama kukana baba yake ili apate karatasi ya kutembea nayo. Nilimkasirikia na mama. Huku tuliporudi hakuwa na wa kumficha jina la babu, tukamenya ndizi pamoja miaka yote ile, akanyamaza.

Niliporudi Kamembe, fundi wa msalaba alishika brashi. "Binti ya nani, Maman?"

"Andika jina lake. Kisha 'binti wa'. Hapo mbele acha wazi."

"Batu batacheka," kaka alisema.

"Bacheke."

Jumapili tuliusimamisha hivyo.