Aliyeufunga Uzio wa Sabili

Sabri alipiga magoti mbele ya uzio aliouchomelea mwenyewe, akapitisha kidole kwenye nondo iliyokatwa, na kidole kikatoka bila hata mkwaruzo. Hapo hapo akajua. Kukata nondo anaweza mtu yeyote, mpe tu msumeno wa chuma na hasira. Lakini huyu alikata, halafu akakaa chini akapiga tupa kila ncha mpaka ikawa laini kama kishikio cha mlango, kisha akaivisha kipande cha mpira ili gauni la mtu lisinase. Mwizi wa chuma hana muda huo. Watu wa namna hiyo Kairo nzima labda wako kumi, na mtaani kwao alikuwa mmoja tu.

"Mara ya tatu hii, Usta Sabri," Injinia Ashmawi alisema akiwa amesimama juu yake. "Watu gani hawa?"

Walikuwa katikati ya barabara, kwenye kile kikuta chembamba, magari yanapita mgongoni na usoni. Uzio ulianzia Makutano ya Sabili ukaenda mpaka kwenye daraja la waenda kwa miguu, mita mia nne. Zamani watu walivuka pale pale makutanoni kwa mtindo wa mjini: unanyoosha kiganja, unaingia, na dereva akuone kama ana macho. Ndipo Injinia akaja, akaondoa taa, akajenga daraja, akamwita Sabri afunge katikati kwa chuma. Magari yakaanza kwenda kama maji ya mfereji.

Na Injinia hakuwa mtu mbaya, hilo lazima lisemwe.

"Si uwasimamishie magari kidogo wavuke?" Sabri alimuuliza. Ndilo swali alilokuwa anarushiwa kila siku dukani kwake.

"Sekunde ngapi?"

"Arobaini."

"Sekunde arobaini, wakati wa jioni, foleni inarudi mpaka lango la hospitali. Nimesimama hapa na saa mkononi, sikuambiwa na mtu. Kuna mgonjwa ndani ya gari la hospitali, anakata roho, nimwambie mkewe subiri kuna mama ananunua figili? Na mwaka jana walifia hapa watu wanne. Tangu uzio, sifuri."

Injinia naye akachuchumaa na suti yake hiyo hiyo, akaigusa ile nondo.

"Wewe ni fundi," akasema polepole. "Mafundi mnajuana mikono. Huyu nani?"

Angesema "sijui". Neno moja tu, lingetosha. Lakini Sabri alikuwa bado na kidole juu ya ule ulaini, na kichwa kimemvimba kidogo, injinia mzima anamwita Usta, jina la heshima la fundi mkuu, na kumuuliza habari za kazi. Mdomo ukafunguka wenyewe, kama mtu anayetaja jina la mwimbaji aliyemsikia redioni.

"Mkono huu haujifichi. Ni wa Usta Bayumi. Hebu ona alivyopiga tupa hapa chini, mahali hata hapaonekani. Nani anafanya hivyo siku hizi?"

Alisema kwa kusifu. Injinia akatoa kalamu.

"Bayumi nani? Anakaa wapi?"

Hapo ndipo Sabri akaondoa kidole kwenye nondo.

Bayumi ndiye aliyemfundisha kazi. Sabri alifika dukani kwake ana miaka kumi na mbili, shule imemtema, baba hana. Katika miaka yote ile mzee alimzaba kofi moja tu, siku alipopeleka fremu ya dirisha nyumbani kwa mteja na ncha kali imebaki. Mzee alichukua mkono wa shati lake mwenyewe, akaupitisha pale, ukachanika, akamwonyesha. Sabri alipooa, kitanda kilitoka mikononi mwa Bayumi. Macho ya mzee yalipoanza kuingia ukungu, alimkabidhi duka lote na kumwambia ang'oe kibao cha zamani aandike jina lake. Tangu hapo mzee alikuwa anashinda kahawani jirani na duka, glasi ya chai mbele, anatazama barabara ambayo anaiona nusu nusu.

Sabri alijaribu kurudisha maneno. "Injinia, labda nimekosea. Mzee yule haoni vizuri."

"Ndiyo maana amepapasa," Injinia akasema, na kalamu ikaendelea. "Hatafungwa, usiogope. Atatia sahihi kituoni kwamba harudii, basi. Wewe funga hapa. Weka nondo nene."

Akaweka nondo nene. Alichomelea mara mbili pale ambapo mara moja ingetosha, kwa sababu akiwa ndani ya barakoa ya kuchomelea hakuna aliyeweza kumwona usoni. Ng'ambo, Mama Wagdi, muuza mboga, alimpigia kelele akiwa amekaa juu ya kreti lake.

"Sabri! Ukimaliza hapo njoo utuchomelee na midomo!"

"Niache, mama, niko kazini."

"Kazi gani hiyo ya kumfungia jirani njia ya mkate? Mkeo atapita wapi, au yeye ana mabawa?"

Wanawake wa foleni ya mkate wakacheka. Maana tanuri la mkate lilikuwa upande ule, na nyumba zao upande huu.

Saa nne asubuhi askari alifika kahawani. Alikuwa kijana mwenye adabu, akamwachia mzee amalize chai. Bayumi alitoka na kanzu yake ya nyumbani na ndala, akapita mbele ya duka la Sabri. Sabri alikuwa ameinamia meza, anapima bomba ambalo lilikwisha pimwa.

"Sabri, mwanangu," mzee akasema mlangoni. "Nimeitwa kituoni, sijui nitakawia. Mkate wangu leo hajauchukua mtu. Nenda kabla tanuri halijafunga, ile mikate kumi."

"Sawa, Usta."

"Kadi ya mkate wa serikali hii hapa. Mbona jasho?"

"Joto la moto, Usta."

Lakini mashine ya kuchomelea ilikuwa imezimwa. Mzee alisimama kidogo, kama anasikiliza ule ukimya, halafu akafuatana na askari wake.

Sabri akachukua kadi akatoka. Kichwani mwake alikuwa anapanga maneno: nitamwambia Usta kwamba Injinia alinibana, nitamwambia sikujua kama ataandika, nitamwambia nilikuwa nakusifu. Kila neno lilikuwa linanuka. Miguu ikaenda ilikozoea kwenda kwa miaka thelathini. Akanyoosha kiganja, akapita mbele ya basi dogo, akapisha pikipiki, akaruka juu ya kikuta cha katikati, na pua yake ikakutana na nondo nene.

Chuma kilikuwa bado cha moto kidogo.

Akageuka arudi. Hapakuwa na kurudi. Magari yalikuja mfululizo, hayana taa ya kuyazuia, hayana sababu ya kupunguza, ndivyo Injinia alivyotaka na ndivyo Sabri alivyomfungia. Kikuta kilikuwa upana wa kiatu na nusu. Akabana mgongo kwenye uzio, akavuta tumbo ndani, vioo vya pembeni vya magari vinapita karibu na vifungo vya shati lake.

"Unapigwa picha hapo?" dereva mmoja akamtupia.

Wa nyuma yake akaongezea, "Mwache, amechomelewa huyo!"

Upande wa pili foleni nzima ya mkate iligeuka. Mama Wagdi alisimama ili aone vizuri.

"Usta Sabri, unatafuta mlango?" akaita. "Nasikia umefungwa leo asubuhi. Fundi mzuri sana, hutoki."

Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha sinia. Kisha kikaja kitu kibaya zaidi: wakaacha kucheka. Lori la mchanga lilipita, upepo wake ukamyumbisha, mguu mmoja ukateleza ukakanyaga lami, na mama mmoja akafunika macho. Sabri alishika nondo kwa mikono miwili nyuma ya mgongo. Akawaza mkewe na kile kikapu anachobeba kichwani. Akawaza kwamba mzee, na macho yake yale, alikata sehemu hii na si nyingine. Hapa magari yaliyotoka kukata kona yalikuwa hayajashika kasi. Hatua ishirini mbele yangekuwa yameshika. Alikuwa amekaa kahawani siku ngapi, anasikiliza injini tu, mpaka akapata mahali?

Mwisho trafiki wa makutanoni alimwona, akaja na filimbi, akasimamisha magari. Honi zilipigwa mpaka watu wakatokeza madirishani. Sabri akarudi upande wake mbele ya honi zote zile, kichwa chini, akaenda kuvuka kwa daraja kama Injinia anavyotaka, mita mia nne kwenda, ngazi hamsini na nne, mita mia nne kurudi. Kwenye tanuri hakuna aliyemtania tena. Mama Wagdi alimwachia nafasi yake kwenye foleni. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Kituo kilikuwa upande huo huo wa tanuri. Bayumi alikuwa kwenye benchi, karatasi iko gotini, anatafuta mahali pa kutia sahihi. Sabri alimwekea kidole pale panapotakiwa. Mzee akaandika jina lake, akarudisha karatasi kwa askari, akashika mfuko wa mkate.

"Mkate umepoa," akasema.

"Usta." Yale maneno yote aliyopanga yalikimbia. "Ni mimi niliyekutaja."

Mzee alikuwa anahesabu mikate kwa vidole. Hakuacha.

"Najua. Nani mwingine angeujua mkono wangu?"

"Sikukusudia. Nilikuwa nakusifu tu, wallahi, nilikuwa nakusifu."

"Kwa injinia."

"Ndiyo."

"Kwangu hukuwahi," Bayumi akasema. Si kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbuka kitu kwa mara ya kwanza. "Miaka yote hiyo. Haya, twende."

Walitembea mpaka darajani. Chini ya ngazi Sabri alinyoosha mkono amshike. Mzee akapapasa hewani, akaupita ule mkono, akashika reli. Akaanza kupanda, ngazi moja, miguu yote miwili, ngazi nyingine. Sabri akafuata ngazi mbili nyuma, tayari kumdaka. Ngazi ya kumi mzee akapumzika. Ya kumi na saba akapumzika tena, na pumzi yake ilisikika juu ya kelele za magari. Watu wenye haraka wakapanda wakiwapita.

Pale ngazi zinapopinda alikuwepo mwanamke mgeni anauza soksi, ametandaza kitambaa chini. Akamwona mzee ameegemea reli na dume zima limesimama nyuma yake halimsaidii.

"Baba, pumzika," akasema. "Na huyo nyuma yako ni wako? Mbona hakushiki mkono?"

Sabri akasubiri. Alitamani atukanwe. Mzee angesema lolote, msaliti, mbwa, mwanangu huyu aliyenitaja polisi, angelipokea.

Bayumi hakugeuka.

"Mpita njia," akasema. "Mpishe apite."

Akajibanza kwenye reli na mfuko wake wa mkate, akaacha nafasi. Yule mwanamke akavuta kitambaa chake pembeni. Wote wawili wakawa wanangoja. Sabri hakuwa na pa kusimama tena. Akampita mzee wake, bega likamgusa kidogo, akapanda zile ngazi zilizobaki peke yake. Juu kabisa akasimama akashika reli. Chini yake magari yalikuwa yanatiririka vizuri sana. Nyuma alisikia ndala zikipanda ngazi moja, zikanyamaza, zikapanda nyingine, na hakuthubutu kugeuka, wala hakujua kama bado ana ruhusa ya kusubiri.