Nanga Isiyobatizwa

Mzee Theonest alihamia kwetu, karibu na Ushirombo, akitokea Uzinza. Mzigo wake wa maana ulikuwa nanga: gogo lililochongwa kama beseni refu, lenye nyuzi za mishipa ya ng'ombe, linalolazwa mapajani na kuchezwa kwa vidole. Alipobatizwa, katekista alimwambia chombo hicho ni cha mizimu. Akakipandisha darini. Alilima mpunga, akamzika mkewe, akamlea mjukuu wake Anisia, na nyimbo zake zote akazimeza.

Mwaka 1976 Anisia alipochumbiwa, mzee aliwaomba viongozi wa kigango, kanisa letu dogo la kijijini, jambo moja tu: ampigie mjukuu wake nanga anapoingia kanisani siku ya ndoa. Wakati huo hata ngoma na kayamba zilikwisha kuingia misani. Donatus, mwenyekiti wetu, alisema nanga inakwaruza masikio, lakini watalifikiria. Nilikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, nikamwamini.

Ndoa ilipangwa Jumamosi. Wiki hiyo likatolewa tangazo kwamba Jumatano kanisani kutakuwa na muziki wa kinanda cha kale cha nyuzi. Mzee akajua ameitikiwa, ila wanataka kumsikia kwanza. Nani mwingine alikuwa na kinanda cha kale cha nyuzi? Aliishusha nanga, akafunga nyuzi mpya, akavaa koti lake la Pasaka, akaja nayo kanisani.

Akakuta mbele ya altare sanduku jembamba lenye miguu mitatu na vibonyezo kama vya piano, na mama wa Kizungu, mgeni wa mapadre, ameketi mbele yake. Mama yule alieleza kwa Kiswahili kizuri kwamba baadhi ya nyimbo ambazo siku hizi hupigwa kwa piano zilitungwa kabla piano haijaenea. Ndani ya sanduku lile nyuzi hazigongwi kwa nyundo, bali hudonolewa kwa ncha za unyoya.

Kisha akapiga. Sauti ilikuwa kavu, nyembamba, yenye kukwaruza kidogo kabla ya kuimba. Ilikuwa ndugu wa nanga kabisa. Vidole vya mzee viliifuata juu ya goti. Na Donatus, mwenye masikio ya kukwaruzwa? Alifumba macho kama anayepokea komunyo. Viongozi wenzake wakamtazama, nao wakafumba.

Baada ya makofi mzee alisogea mbele, akauliza kwa upole kama zamu yake imefika. Donatus alicheka, akamwambia tangazo halikumhusu.

"Na ombi langu la Jumamosi?"

"Mzee wangu, hiki ni cha kisomi. Chako kina mizimu."

"Mizimu yangu naijua kwa majina, mwanangu. Ni wazazi wangu. Ya huyu mama unaijua?"

Vicheko vikapita kwenye mabenchi. Mgeni naye alikwisha kuiona nanga. Aliinama, akauliza ni mti gani, akasema kwao chombo kama hicho kingetunzwa kwenye makumbusho.

Donatus hakumtazama hata mwenye mali. "Basi mama, kichukue. Ni zawadi ya kigango."

Nimeona unafiki mwingi, lakini ule ulinuka. Chombo kisichofaa kusikika kwetu kwa hatua chache tu za bibi harusi, kilifaa kuvushwa bahari kikafungiwe ndani ya kioo. Mgeni alikataa, akasema mwenye nanga amesimama hapa. Lakini mzee alikuwa amekwisha kuikumbatia nanga yake na kushika njia.

Jumamosi Anisia alimwomba mwalimu wa kwaya, kwa kuwa nanga imekataliwa, asianzishe wimbo wowote wakati anaingia. Akaja ameshika mkono wa babu yake, visigino vya viatu vyake vikigonga sakafu. Donatus alikohoa. Akamkonyeza mwalimu wa kwaya, akamkonyeza tena. Mwalimu akatazama chini. Kanisa zima likakaa na ukimya ule, watu wakikwepana macho, padre amesimama anangoja. Kutoka mlangoni hadi altareni ikawa safari ndefu, na Anisia hakuiharakisha.